Stesheni za reli zipangwe kwa kuangalia steji za matatu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako. Kila mara habari za reli nyepesi, zile treni ndogo za abiria za ndani ya mji, zikirudi hapa Nairobi watu wanabishana pesa itatoka wapi na mabehewa yatanunuliwa nchi gani, lakini swali la itasimama wapi na ukishuka hapo unapanda nini, hilo wanaachiwa mainjinia na rula zao. Mimi nilikuwa konda wa matatu za Eastlands miaka saba. Siku hizi niko kwa godauni Industrial Area na asubuhi nyingi naenda na treni, kwa hivyo hii maneno naijua nikiwa nimening'inia mlangoni na naijua pia nikiwa abiria nimebanwa kwa dirisha. Chenye nataka kusema ni hiki: stesheni iwekwe mahali steji ya matatu iko tayari ama inaweza kuhamishiwa, hata kama hiyo itafanya stesheni ziwe chache, na mtaa wangu ukikosa yake nitakubali.

Nasema hivyo sababu kwa mkutano wa wakaazi huku kwetu Umoja hii stori iliingia na kila mtu akataka treni isimame mbele ya geti yake. Wengine wanataka shuleni, wengine kanisani, wengine sokoni, na kuna mzee mmoja namheshimu sana alisema watu wa umri wake hawawezi kutembezwa, na ako na haki, sikumpinga. Lakini akili yangu ilirudi kwa zile trip za jioni. Unatoka tao na gari imejaa watu wa Umoja na Kayole, mkiingia tu mtaani wa kwanza anagonga, konda shukisha hapo kanisani, dere anasimama, gari ikishika kasi mwingine anasema na mimi hapo kwa M-Pesa, na ni hatua hamsini tu kutoka kanisani, alafu mwingine hapo kwa kona, na wewe ukiangalia nyuma unaona wale wa Kayole wametulia tu wanaangalia saa, wengine wameacha watoto kwa jirani tangu saa kumi na moja asubuhi. Hao ndio wanalipia kila ile shukisha hapo, na hawaongei.

Treni ni vilevile, tena zaidi, manake haiwezi kuchepuka. Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua laini ya kilomita 12 na treni yenye ikishika mwendo inaenda kilomita 50 kwa saa. Bila kusimama popote ni kama dakika 14. Kila ikisimama inapoteza kama dakika moja, ukihesabu kupunguza mwendo, milango, watu kushuka na kupanda, halafu kuanza tena. Ukiweka stesheni kila mita 500 itasimama mara 23 njiani na safari inakuwa dakika 37. Ukiweka kila kilomita 1 inasimama mara 11, safari inakuwa dakika 25. Hapo umeokoa dakika 12, na dakika 12 za asubuhi ni mama kupikia watoto uji bila kuwapigia kelele. Sasa mtu atasema basi tuachanishe zaidi, tuweke kila kilomita 1 na nusu. Itasimama mara 7, dakika 21, yani umeokoa 4 pekee, na mwenye anaishi katikati ya stesheni mbili sasa anatembea mpaka mita 750 kando ya reli, na hapo bado hujahesabu umbali wa kutoka kwa nyumba yake mpaka relini. Mtu mzima bila mzigo anatembea kama mita 80 kwa dakika. Kwa hivyo zile 4 umempa wa mwisho wa laini ni kama umezitoa kwa miguu ya huyu wa katikati, na yeye anatembea asubuhi na jioni.

Ndio maana naona kilomita moja hivi ni sawa kwa mitaa kama yetu, tao zikaribiane kidogo sababu huko watu wanashuka kila mahali, na huko nje kabisa ziachane hata kilomita mbili bora watu waletwe na matatu. Hata tao zisibanane kupita kiasi. Portland kule Marekani treni yao inapita katikati ya mji ikisimama kila baada ya mitaa michache, na 2020 walifunga baadhi ya hizo stesheni ili safari iwe ya haraka.

Lakini rula peke yake haitoshi, na hapa ndio moyo wangu uko. Reli ilifika hapa 1899, mji ukaja baadaye ukajengwa kuizunguka. Stesheni za zamani ziliwekwa mahali treni za mizigo zilitaka kupishana ama kupakia, si mahali watu wanakaa, sababu wakati huo Umoja, Donholm, Githurai za leo hazikuwepo. Na sisi tukaendelea kuishi na steji zetu upande mmoja na stesheni upande mwingine kama majirani wamekosana. Reli nyepesi inaweza kurekebisha hiyo, sababu gari yake ni nyepesi, inashika breki haraka na inaondoka haraka, inaweza hata kupita barabarani, kwa hivyo haina sababu ya kusimama mahali injini ya mvuke ilipenda kusimama. Mtu akiniuliza wapi, nitamwambia aanze na mahali matatu zinakatana. Pale Donholm, Jogoo Road inapokutana na Outer Ring, watu wanabadilisha gari kuanzia alfajiri bila kuambiwa na mtu. Ikiwa kutoka hapo mpaka stesheni ingine ni mita 800 na ile ya kufuata ni mita 1,300, wacha iwe hivyo. Abiria hajui wastani ni ngapi, anajua kama alipata gari.

Stesheni yenye mimi natumia jioni sitaitaja, sitaki kuharibia mtu jina. Ukisimama kwa platifomu unaona vichwa vya matatu kwa steji upande ule wa pili wa ukuta, hata unasikia makanga wakiita. Ni kama mita 60. Kuna geti kwa huo ukuta, ya chuma, imefungwa na mnyororo na kufuli, na tangu nianze kutumia hiyo stesheni sijawahi kuiona wazi. Kwa hivyo tunatokea upande ule mwingine, tunazunguka ukuta wa godauni, tunavuka mtaro uliowekwa mbao mbili, tunarudi na barabara. Nilihesabu hatua zangu siku moja, 940. Mvua ya Aprili ikinyesha ile njia ni matope meusi. Kuna mama mmoja anarudi na gunia la mboga zenye hazikuuzika, kwa hizo mbao mbili hawezi kupita na mzigo mgongoni, ananipa upande mmoja wa gunia mimi na yeye tunavuka mguu kwa mguu, na tukifika steji gari ya kwanza imejaza imeenda. Kwa ramani ya mainjinia hiyo steji iko ndani ya duara. Wanachora duara la mita 400 kwa kituo cha basi ama 800 kwa stesheni na wanasema wote walio ndani wamefikiwa. Duara halijui ukuta, halijui mtaro, halijui geti za hizi koti zetu za nyumba zenye zinafungwa usiku. Wapime kwa miguu, na wapime wakiwa na gunia.

Alafu tuongee matatu zenyewe, sababu watu wa treni wanaziongelea kama ni shida ya kuondolewa na mimi najua ndani yake. Gari haitoki steji mpaka ijaze, na si roho mbaya. Jioni dere na konda wanapeleka hesabu kwa mwenye gari, mafuta yametoka, ya sako, ule ushirika wa matatu za ruti, imetoka, kinachobaki ndio unga. Sasa treni inafika inamwaga mamia ya watu kwa dakika tano, gari mbili zilizokuwa hapo zinajaa, wengine wanabaki wakisimama na nauli inapanda hapohapo, halafu baada ya hapo steji inakaa kimya, gari inangoja watu na watu hawapo. Nilimuuliza konda mmoja hapo kama anajua treni inafika saa ngapi, akaniambia hajawahi kuambiwa, yeye anaonanga tu watu wametokea. Hebu fikiria hiyo. Mtu anatafuta abiria siku nzima, abiria mamia wanaletwa mlangoni kwake, na hakuna mtu amemwonyesha ratiba! Angejua angekuwa hapo dakika kumi kabla, na wenzake wanne nyuma yake, bila polisi na bila amri.

Kwa hivyo ratiba ya treni ipangwe pamoja na sako za hiyo ruti, ibandikwe kwa steji kwa maandishi makubwa, na treni iwe inafika dakika zilezile kila saa ili mtu aishike kwa kichwa. Uswisi wanafanya hivyo, treni inaingia, mabasi yako hapo nje, watu wanahama, wote wanaondoka. Kama treni itakuwa kila dakika tano hauna haja ya kuhangaika hivyo, matatu zitajaza tu zenyewe. Lakini kama ni kila nusu saa ama zaidi, kuchelewa dakika mbili kunakufanya ulale njiani, na wale wanaopanga usafiri wenyewe wanasema dakika moja ya kungoja nje mtu anaisikia kama mbili za kukaa ndani ya gari. Na zile ruti fupi za kuleta watu stesheni, kilomita mbili tatu, hazilipi hesabu ya mwenye gari zikiachwa hivihivi, hapo lazima tiketi iwe moja na sako ipate sehemu yake. Msiniambie matatu haziwezi kupangwa. 2004 wakati wa marehemu Michuki, waziri wa uchukuzi, walisema hivyo hivyo, na mikanda ikafungwa, vidhibiti mwendo vikawekwa, mstari wa manjano ukachorwa. Baadaye tulilegea, hiyo ni kweli, lakini iliwezekana.

Majirani wametuonyesha mazuri na mabaya. Dar es Salaam walianza mwendokasi 2016, na hayo ni mabasi si reli, awamu ya kwanza kama kilomita 21 na vituo 27 pamoja na vituo vikubwa vitano, ukigawanya inakuja karibu na mita 700, na walipanga kuwe na mabasi mengine ya kuleta watu kwenye ile laini kubwa. Addis Ababa walifungua reli nyepesi 2015, laini mbili, kama kilomita 34 na stesheni 39. Umbali wa stesheni si mbaya, lakini sehemu kubwa ya reli waliizungushia ua katikati ya barabara, mtaa ukakatwa mara mbili, mtu anaona duka ng'ambo na inabidi azunguke mbali kulifikia. Na baadaye treni nyingi zilikwama kwa kukosa spea. Hayo mambo ya kuvuka tuyaangalie mapema kabla simiti haijamwagwa, daraja la miguu lenye ngazi hamsini halimsaidii yule mzee wetu wa mkutano.

Kitu kingine ni Muthurwa, na kwa hii nitasema wazi. Treni za Eastlands zinapita upande wa chini wa Muthurwa na hazisimami, zinaenda mpaka stesheni kuu. Steji ya Railways iko hapo karibu na stesheni kuu na hiyo ni nzuri kwa mtu wa Ngong Road ama Rongai, ashuke apande aende. Lakini Muthurwa ndio steji kubwa ya watu wa Eastlands, soko liko hapo, soko la Wakulima liko karibu, Machakos Country Bus iko Landhies Road, na ukiongeza miguu kidogo uko soko la Gikomba. Wale watu wa mizigo, wale wa kununua alfajiri, wanaangalia treni ikipita na wanarudi nyuma karibu kilomita nzima wakipambana na mikokoteni. Ikiwa kutakuwa na reli nyepesi na stesheni moja tu mpya iongezwe, naomba iwe hiyo, hata kama itakuwa karibu sana na stesheni kuu kwa ile hesabu yangu ya kilomita. Dakika moja watu wa kwenda mpaka stesheni kuu, kama wale wa kazi za Upper Hill, watapoteza hapo naona inalipika, kwa sababu mamia watakuwa wameshuka na mizigo yao mahali wanaitaka.

Hiyo ni ya kesho na itahitaji pesa nyingi. Lakini ile geti ya chuma kwa stesheni yetu inahitaji askari mmoja na ufunguo, saa kumi na moja mpaka saa tatu asubuhi, na saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku. Naomba ifunguliwe kabla mvua ya vuli haijaanza.

Abiria wa kila siku,
Umoja, Nairobi