Printa za meno zije, mafundi wabaki

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenye maabara za meno hapa Arusha: mnaponunua printa za meno bandia, msiwaache mafundi wenu wa nta na plasta, wanaoyatengeneza kwa mkono.

Faida ya teknolojia hii naiona. Kinywa kinapigwa picha kwa skana, meno yanachorwa kwenye kompyuta, kisha printa inayajenga tabaka kwa tabaka kwa resini, plastiki ya majimaji inayogandishwa na mwanga. Faili linabaki. Bibi akiangusha meno yake kwenye sakafu ya saruji, yanachapwa mengine bila kumjaza tena kinywani ile pasti ya kuchukulia vipimo, inayowatia wazee wengi kichefuchefu.

Lakini sisi wa huku, hasa Arumeru, wengi tumekulia kwenye maji yenye floraidi nyingi. Meno yetu yana madoa ya kahawia. Mtu aliyebakiwa na meno yake machache akiwekewa pembeni mengine meupe pe, anaona aibu hata kucheka. Fundi mzoefu huyapaka rangi kwa mkono, doa kwa doa, mpaka yafanane. Huyo huyo ndiye afundishwe kompyuta, na mgonjwa aulizwe rangi anayoitaka kabla printa haijawashwa.

Mkazi wa Usa River,
Arusha