Vyumba vyembamba vya Tembo House

Shangani, Unguja

Sahibu yangu Mahmoud,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, na wa nyumbani wote wanakusalimu.

Uliniuliza kwa nini vyumba vya upande wa kale wa hoteli ya Tembo House ni virefu lakini vyembamba, ilhali walioijenga nyumba ile hawakupungukiwa na mali. Jawabu limo darini. Kama yalivyo majumba mengine ya Mji Mkongwe, dari hubebwa na boriti za mikandaa, miti ya mikoko ya pwani, zinazovuka kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa boriti madhubuti ni nadra kuzidi mita 3 na kitu, chumba nacho hakiwezi kupanuka kupita hapo. Tajiri aliyetaka nafasi alikirefusha chumba au akapandisha ghorofa. Upana uliamuliwa na mkandaa.

Nyumba yenyewe ni ya mwaka 1834, mwaka mmoja tu baada ya Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, kufunga mkataba wa biashara na Marekani, na katika karne hiyohiyo ikawa ubalozi mdogo wa Wamarekani, kisha ikashikwa na kampuni ya Cowasjee Dinshaw, Waparsi wa Aden. Kila nikisimama upande wake wa baharini huiwaza ile shehena: pembe za ndovu na sandarusi, ile gundi ya miti, zikipakiwa kwenda Salem, Massachusetts, na majora ya pamba yakiteremshwa, kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani, na jina hilo tunalo hadi leo.

Lakini kinachonishughulisha zaidi ni kuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, unene wake hukaribia nusu mita na pengine huzidi, nazo hunywa unyevu wa masika na kuutoa polepole jua likirudi. Ukizipaka saruji, unyevu hufungiwa ndani. Nililiona hilo katika nyumba moja ya jirani, ambayo mafundi waliipiga plasta ya saruji ili kazi iishe haraka: baada ya masika mawili plasta ilibanduka kwa mabamba, na jiwe la nyuma yake lilikuwa limelainika hata nikalichimba kwa ukucha, likanibakia kiganjani kama unga wenye chumvi. Moyo uliniuma sana. Chokaa hutaka subira, kwani huchomwa tanuuni, huzimwa kwa maji, kisha huachwa muda mrefu ipevuke, na mafundi wanaoijua kazi hiyo wanazidi kupungua.

Ukija baada ya Idi, tupite hapo asubuhi, jua linapoanza kupenya kwenye vioo vya rangi. Chukua futi yako ya fundi, tupime pamoja chumba kimoja, ukuta hadi ukuta.

Wasalaam,
Nduguyo Abdalla