Akiba ya uzeeni: zile fedha za zamu za jioni

Habari za kazi, madaktari wenzangu.

Wengi wetu tuliopo hospitali ya Bombo, Tanga, tunajipa moyo kwamba PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inatosha. Kila mwezi inaingia 20%: sisi 5%, mwajiri 15%. Lakini hesabu hiyo inatoka kwenye mshahara wa serikali tu. Fedha za zamu za jioni kule Ngamiani na Chumbageni hazimo, na ndizo zinazoyeyuka upesi.

Ushauri wangu: malipo ya zamu yakiingia tu, tenga sehemu kabla hujagusa chochote. Peleka UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ununue vipande (sehemu za mfuko) hata kidogo kidogo. Ukipata dharura unaviuza. Zikifika shilingi 1,000,000, fikiria hatifungani ya Serikali (yaani unaikopesha Serikali kwa riba) inayouzwa na Benki Kuu. Ipo hadi ya miaka 25, riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Kwa umri wetu naipenda hiyo ndefu, ila isiwe fedha ya ada au kodi ya nyumba.

Mlioajiriwa hospitali binafsi, tafadhali hakikisheni michango yenu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, inafika kweli. Msiamini karatasi ya mshahara peke yake.

Jumamosi baada ya alasiri tutajaza fomu pamoja. Njooni na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa).