Wazazi wa watoto viziwi wafundishwe lugha ya alama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee watoto viziwi wa Tanga, ambao baadhi yao hufika darasa la kwanza bila lugha yoyote, kwa kuwa wazazi wao wanaosikia hawakupata pa kujifunza lugha ya alama. Nimemwona mmoja akinakili maneno ya ubaoni kwa mwandiko safi kabisa, asijue hata moja lina maana gani, huku mwalimu akisoma kwa sauti akiwa amewapa wanafunzi kisogo. Inauma sana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 24 inazitaka serikali ziwezeshe ujifunzaji wa lugha ya alama na kuajiri walimu wanaoimudu. Halmashauri yetu ianze na madarasa ya jioni kwa wazazi, yakifundishwa na viziwi wenyewe.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga