Idadi ya visa vilivyotangazwa si ukubwa wa janga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna takwimu za magonjwa ya mlipuko zinavyosomwa. Baada ya kisa cha kwanza cha korona nchini kutangazwa tarehe 13 Machi 2020, Wakenya walizoea kutangaziwa idadi ya walioambukizwa, na hadi leo wengi huichukulia kuwa ndiyo ukubwa wa janga lenyewe. Sivyo. Ni hesabu ya watu waliofikiwa na kipimo. Vifaa vya maabara vikiadimika, visa hushuka huku virusi vikizidi kusambaa mitaani. Sampuli zikirundikana kisha matokeo yakatolewa kwa mkupuo, visa hupaa siku moja ilhali maambukizi ni ya wiki iliyopita. Tafadhali, kila mnapochapisha visa, chapisheni pia idadi ya waliopimwa, sababu ya kupimwa kwao na tarehe sampuli zilipochukuliwa.

Kilichofichua mengi zaidi ni damu. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa afya kilichoko Kilifi, walipima mabaki ya damu ya wachangiaji 3,098, iliyotolewa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Baada ya marekebisho walikadiria kuwa 4.3% ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili huunda baada ya kuambukizwa, na hapa Nairobi 7.3%. Wakati huo visa vilivyothibitishwa nchi nzima havikuwa vimefika 5,000. Mwezi wa Novemba, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba jijini ulipata 34.7%.

Kwenye hayo marekebisho ndipo wengi hupotea. Chukua kipimo kinachonasa 90% ya walioambukizwa na kuwaondolea shaka 99% ya wasioambukizwa. Katika watu 1,000 ambao 20 tu waliambukizwa, kitanasa 18, kisha kitawasingizia takriban 10 kati ya wale 980. Jumla ni 28, yaani 2.8%, ilhali ukweli ni 2%. Ili kusahihisha, toa ile 1% ya kusingizia, kisha ugawanye kwa 0.89, yaani 0.90 ukitoa 0.01. Kosa hili hutisha maambukizi yakiwa machache. Yakifika theluthi ya watu, wasiwasi hugeukia wale ambao kipimo kiliwakosa.

Ile 99% haiwezi kunakiliwa kutoka karatasi ya kiwanda. Kingamwili za magonjwa mengine yaliyo kwetu zinaweza kukihadaa kipimo, kwa hiyo lazima kijaribiwe kwa damu ya wenyeji iliyohifadhiwa kabla ya virusi vipya kuwepo. Watafiti wa Kilifi walikuwa na damu ya 2018 kwenye friji. Bila akiba hiyo wangekisia tu. Isitoshe, wachangiaji damu wengi ni wanaume vijana, hivyo matokeo hukokotolewa upya kulingana na umri, jinsia na eneo ili yafanane na wananchi wote. Chanjo nazo huleta utata wake: AstraZeneca hufunza mwili kutambua protini ya miiba iliyo juu ya virusi pekee, hivyo kingamwili za protini ya ndani huonyesha aliyeambukizwa. Kwa aliyechanjwa Sinopharm mbinu hiyo haifai, kwa sababu chanjo hiyo hubeba virusi vizima vilivyouawa.

Maji taka hutoa onyo bila kumdunga mtu sindano. Mwaka 2018 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo viligunduliwa katika maji taka ya Kamukunji. Lakini mtaa unaotumia vyoo vya shimo hauonekani katika mfereji wa maji taka wa Ruai, na kimya chake kisichukuliwe kuwa usalama.

Madhara makubwa yako katika vifo, na hapo ndipo nchi yetu imelegea. Mtafiti hulinganisha vifo vyote vya mwezi, vya kila sababu, na vile ambavyo vingetarajiwa kwa kufuata mwenendo wa miaka ya nyuma. Kwa hesabu hiyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 duniani katika 2020 na 2021, ilhali vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa milioni 5.4. Njia hii inahitaji daftari la vifo lisilo na mapengo. Mgonjwa akisafirishwa kutoka Nairobi akafia ushago, kifo huhesabiwa huko, na jiji huonekana limesalimika. Akizikwa bila kuandikishwa kwa naibu wa chifu, hahesabiwi popote. Serikali iwape manaibu wa chifu simu na data za kuripoti kila kifo ndani ya wiki moja, pamoja na makazi ya kawaida ya marehemu, na ianze sasa, maana miaka ya kulinganishia haiwezi kuandikwa baada ya mlipuko kuzuka.

Mtafiti wa afya ya umma,
Nairobi