Mgongano usipoonekana haina maana haupo

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia uliandika kuwa siku hizi kompyuta huunganisha yenyewe kazi za waandishi wa programu, nao hawana tena la kuhofia. Naomba nafasi nipinge, maana hofu hiyo naijua.

Mwenzangu alikuta fanksheni (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina na kurudisha jibu) inayorudisha muda ambao mtumiaji amekaa bila kugusa kitu. Ilikuwa inarudisha dakika, yeye akaifanya irudishe sekunde, akarekebisha kila mahali ilipoitwa. Siku hiyohiyo mimi, kwenye faili nyingine kabisa, niliongeza mstari mmoja unaoiita fanksheni hiyo, nikidhani bado inarudisha dakika: muda ukizidi 30, mtumiaji atolewe. Git, programu inayotunza na kuunganisha kazi zetu, ikaunganisha kimya. Hakuna alama hata moja ya mgongano, yaani ya kuonyesha kuwa mabadiliko yetu yanapingana. Kesho yake watu wakawa wanatolewa kila baada ya nusu dakika, wengine fomu zao zikiwa hazijafika nusu, nasi tukakesha tukitafuta kosa kwenye mistari ambayo kila mmoja aliiandika sawasawa.

Kompyuta haikukosea. Huchukua nakala tatu: ile ya asili, yangu na yake. Mahali palipoguswa na upande mmoja tu, hukubali upande huo. Tukigusa mstari uleule kila mtu kivyake, ndipo husimama na kuuliza. Inacholinganisha ni herufi. Ndivyo ilivyo tangu watafiti Hunt na McIlroy walipoeleza mwaka 1976 jinsi diff, programu inayoonyesha tofauti za faili, inavyotafuta mfuatano mrefu zaidi wa mistari iliyo sawa katika faili mbili. Mwandishi wa programu Larry Wall naye, mwaka 1985, alituletea programu ya patch, inayopachika kiraka (orodha ya mabadiliko) kwenye faili hata mistari ikiwa imesogea, kwa kuangalia mistari jirani. Kazi hizo naziheshimu sana, nazitumia kila siku. Lakini hakuna hata moja inayojua dakika ni nini.

Vijana wengi huogopa zile alama za mgongano, yaani <<<<<<< zinapojitokeza. Mimi huzishukuru, kwa sababu zinanilazimisha nimfuate mwenzangu tuzungumze. Zisipojitokeza, huorodhesha kila fanksheni aliyoibadilisha, kisha hutafuta jina lake katika faili zote, nikianza na zile nilizogusa mimi. Ni kazi ya robo saa. Tafadhali waambieni hivyo wasomaji wenu wanaoanza.

Wenu,
Mwandishi wa programu