Wenye nyumba Moshi, tuwekeeni dari na dirisha la pili

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenye nyumba wa hapa Moshi, hasa wanaopangisha vyumba huku Pasua, Njoro na Majengo. Kuanzia Desemba mpaka masika yaanze mwezi wa tatu hakulaliki kwa joto. Ndugu zetu wa Arusha wako juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, usiku wanavuta blanketi, sisi mjini hapa hata 1,000 hatufiki.

Kinachoniuma ni kwamba usiku nje huwa kuna nafuu. Jua likishazama hewa ya baridi inateremka kutoka mlimani, ukikaa kibarazani saa nne unaisikia kabisa, ila ukifungua mlango wa chumbani unakutana na joto la saa nane mchana limekaa palepale. Bati halina dari chini yake, kutwa nzima linashusha moto ndani, na kuta za bloku zimelinyonya lile joto tangu asubuhi halafu zinaanza kulitoa muda ambao watu wanataka kulala. Na mwili ili upate usingizi lazima joto lake la ndani lishuke kidogo, sasa litashukaje hapo? Watoto wanalia usiku kucha, asubuhi wanasinzia darasani.

Vyumba vingi vina dirisha moja tu, hewa ikiingia haina pa kutokea, na siku hizi fasheni ni madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, mazuri kwa macho lakini ukifungua yote unapata nusu tu ya dirisha, ile shata ya mbao ya zamani ilikuwa inafunguka yote. Jamani ukijenga weka dirisha la pili ukuta mwingine, na kama kiwanja kinaruhusu moja liangalie kaskazini kwenye mlima, piga nondo na wavu wa mbu ili mpangaji alale amefungua bila kuogopa wezi. Weka matundu ya hewa juu karibu na kenchi, weka dari ya singibodi hata ile ya bei rahisi, na ukinunua bati jipya chukua rangi ya kung'aa nyeupe maana nyeusi na maruni zinavuta jua vibaya sana. Na ule mwarobaini uliopo uwanjani usiukate eti unachafua, kivuli chake ukutani kinasaidia kweli.

Wapangaji wenzangu na sisi tufanye tunachoweza. Mchana funga pazia upande wenye jua, jioni fungua kila kitu, jiko la mkaa lisiingie kabisa ndani, joto ni jambo dogo hapo maana gesi yake ya sumu, ambayo huioni wala haina harufu, inaua watu usingizini. Mwenye feni aisogeze dirishani jioni ivute hewa ya nje. Kanga iliyoloweshwa ikakamuliwa unajitandazia mwilini inasaidia sana, Januari na Februari hewa yetu ni kavu maji yanakauka haraka na ndo yanapooza. Ila naomba mtu asitoe neti kwa sababu ya joto, najua inapunguza upepo lakini huku chini kuna mashamba ya mpunga na malaria ipo, bora neti ibaki feni ipulize kutokea pembeni.

Kodi ya miezi sita tunalipa kwa mkupuo, wenye nyumba tunaomba sehemu ya hiyo hela iende kwenye dari kabla ya Desemba.

Mpangaji, Pasua, Moshi